Kiti cha Masaji Nyumbani kwa Seremala

Mimi ni seremala, na seremala kununuliwa kiti dukani ni sawa na mpishi kuletewa chakula na jirani huku sufuria lake liko motoni. Niliwaambia hivyo wanangu wote watatu, mmoja baada ya mwingine, walipokuja na habari za kiti cha masaji. Walinisikiliza kwa adabu, wakatikisa vichwa kukubali, kisha wakaenda kuchangishana.

Kisa kilikuwa mgongo wa mama yao. Mke wangu alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka ishirini na tisa, na tangu astaafu maumivu yalikuwa yakimshika kiunoni na kushuka mpaka nyuma ya magoti. Asubuhi alikuwa anainuka ameshika ukuta. Daktari wa viungo alimpa mazoezi, akampa na dawa ya kuchua, halafu akataja viti vya kisasa vinavyomkanda mtu vyenyewe. Binti yetu mkubwa alikuwepo, akalidaka neno hilo juu kwa juu.

"Baba, si kwamba viti vyako ni vibaya," aliniambia. "Ni kwamba havikandi."

Nikamjibu kuwa havikandi kwa sababu kiti kilichotengenezwa sawasawa hakimchoshi mtu hata ahitaji kukandwa. Maneno hayo nimewaambia wateja miaka arobaini, na nilikuwa nayaamini. Nyumbani kwetu hakuna kitu cha mbao ambacho hakikutoka mikononi mwangu: milango, meza, kitanda, makabati, na zaidi ya vyote kile kiti cha mvule cha pale dirishani, nilichomtengenezea mke wangu mwezi mmoja kabla ya harusi yetu. Hicho kilikuwa chake peke yake. Hata wageni walijua, walikuwa wanakizunguka. Sasa mtu kuniambia kwamba mke wangu anahitaji kiti kingine, mimi nilisikia kwamba nimeshindwa kumtunza. Roho iliniuma, nikanuna wiki nzima, na hakuna aliyenibembeleza.

Tulikwenda dukani Jumamosi, mimi, mke wangu na binti. Viti vilikuwa sita, vyeusi, vinene, vimejipanga ukutani vimeegemea nyuma kama watu walioshiba. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, miwani inaning'inia kifuani. Kabla hajafungua kinywa mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, nachungulia uvungu wa kiti cha kwanza. Nikagonga huku na huku. Unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi! Kitambaa kimebanwa kwa pini nyembamba. Hakuna kiungio hata kimoja cha maana.

"Mzee, unatafuta nini huko chini?" muuzaji akauliza.

"Natafuta kiti," nikamjibu.

Mke wangu alicheka mpaka akashika kiuno. Sikuinuka. Nilihamia uvungu wa pili, wa tatu, nikizidi kukasirika, na nikiwa huko nilisikia muuzaji akimhoji mke wangu polepole. Miguu inafika, mama? Shingo inaegemea wapi? Hapa panabana? Mke wangu alikuwa anajibu kwa kirefu, naye si mtu wa maneno mengi. Kiti cha kwanza magurudumu yake ya ndani yalimkanda kisogoni badala ya mabegani. Cha pili kilimbana mashavu ya miguu mpaka akaguna. Cha nne kilikuwa na sehemu ya miguu inayovutwa na kurudishwa, muuzaji akairudisha karibu, akauliza tena kama inafika. Mimi niliona ni porojo za kuuzia tu.

"Hiki," mke wangu akasema, amefumba macho.

Nilitoka uvunguni na vumbi magotini, nikatangaza kwamba kiti hicho kitaachia baada ya mwaka.

"Basi nitakikalia huo mwaka," akasema, macho bado kayafumba.

Kililetwa Jumanne, na hakikupita mlangoni. Sitaficha, nilifurahi. Wabebaji walikijaribu kwa ubavu, wakakijaribu kwa kukisimamisha, nami nimesimama pembeni mikono kiunoni, sina hili wala lile. Kisha mke wangu akanitazama. Nikaenda kuchukua bisibisi, nikafungua bawaba na kung'oa mlango wangu mwenyewe ili adui apite. Kiti cha mvule kikasogezwa kutoka dirishani hadi upande wa pili wa sebule, na lile dude likakaa mahali pake.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuishi watatu. Kilikuwa na sauti ya mwanamke iliyosema lugha ambayo hakuna kati yetu anayeijua, lakini ilisema kwa heshima, na mke wangu alizoea kuiitikia. Dakika ishirini asubuhi, dakika ishirini jioni. Kilinguruma, kikapiga mabega, kikapasha kiuno moto, kikabana miguu na kuiachia kwa pumzi ndefu. Jirani yetu mshonaji alikuja kukijaribu, akatoka anayumba, akasema ametengenezwa upya. Akarudi kesho yake na dada yake.

"Fundi, kaa japo dakika tano," mke wangu alinisihi. Ndivyo anavyoniita, fundi, tangu tuchumbiane.

"Mimi mgongo wangu mzima."

"Haya. Na kiburi chako je, hakiumi?"

Nilijifanya sikusikia. Lakini wiki ya tatu alitoka chumbani asubuhi bila kushika ukuta, akapita mbele yangu na kikombe chake, wima kabisa. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, na papo hapo nikaona wivu, yote mawili kwa pamoja, nikainamia chai yangu asinione. Nikajipoza kwa hoja moja ambayo niliishika sana. Nilijiambia kwamba anachopenda ni mota. Mota inakanda, mbao haikandi, kama alivyosema binti. Kwa kiti chenyewe kama kiti, changu bado ndicho kiti. Hoja hiyo ilinibeba mwezi mmoja na nusu, nikalala vizuri.

Siku moja umeme ulikatika tangu saa nne asubuhi. Karakana ilinyamaza, msumeno wa mashine hauwezi kwenda kwa maneno, kwa hiyo saa nane nikarudi nyumbani. Nilimkuta mke wangu ndio kwanza amemaliza kazi zake za jikoni. Alipita mbele yangu akijifuta mikono, akakipita kiti cha mvule karibu kabisa hata gauni lake likakigusa, akaenda kukaa kwenye lile dude. Akafungua gazeti.

"Umeme hakuna," nikamwambia.

"Najua."

"Hakitakanda."

"Najua, fundi. Nimekaa tu."

Nilibaki nimesimama. Mota imekufa, sauti ya yule mwanamke imekufa, hakuna joto, hakuna chochote. Kilikuwa kiti tu, cha unga wa mbao na pini, na mke wangu alikuwa amekichagua. Nikamtazama kama ninavyotazama kazi ya fundi mwingine, kutafuta siri yake. Ndipo nikaona miguu yake. Imetulia, nyayo zote mbili bapa mahali pake, magoti yamelegea. Nilijaribu kukumbuka ni lini nilimwona amekaa hivyo, nikashindwa.

Nikaenda kwenye kiti cha mvule na kupiga magoti. Ule upapi wa mbele, unaounganisha miguu miwili, ulikuwa na mabonde mawili, moja kulia na moja kushoto, laini kama umepigwa msasa. Nilikuwa nayajua. Mara mbili nimeyapaka vanishi, na mara zote mbili niliwagombeza watoto kwamba wanakigeuza kiti cha mama yao ngazi. Sasa nikaweka kidole gumba katika bonde moja, na upana wake ulikuwa upana wa kisigino cha mtu mzima.

Nilitoa futi mfukoni, ingawa sikuhitaji kupima. Inchi ishirini. Kiti cha kawaida ni kumi na nane, nami niliongeza mbili kwa makusudi, ili bibi harusi wangu akae juu, aonekane. Nilipima dirisha, nikapima mwanga unapoingilia, nikapima hata nafasi ya kufagia chini yake. Na mke wangu ni mfupi, kichwa chake kinanifika kifuani.

"Miguu yako haikuwa inafika chini," nikasema.

Akashusha gazeti. Alinitazama pale sakafuni kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama mgonjwa kabla ya kumwambia majibu.

"Haikuwa inafika," akasema.

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakaa mbele mbele, nashikiza visigino."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikileta begani mwenyewe, juani, njia nzima. Ukakitua, ukasema, kaa. Nikakaa. Ungeuona uso wako siku ile nawe usingesema. Baadaye nikaona nimechelewa. Nikazoea."

"Mimi ni fundi! Ningekata miguu yake, kazi ya dakika kumi!"

"Mteja akija, wewe huanzia wapi?"

"Namkalisha kwenye benchi, namwuliza, nampima."

"Mimi hukunikalisha," akasema.

Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. Niliona haya, haya ya kweli, iliyonipanda mpaka masikioni. Nimewapima wake za watu, nimepima watoto wa shule, nimepima hata maiti kwa ajili ya majeneza yao, na mtu niliyelala naye nyumba moja nilimkadiria kwa furaha yangu. Yule mama wa dukani alimwuliza kwa nusu saa mambo ambayo mimi sikumwuliza kwa miaka thelathini na minne. Nilikuwepo, uvunguni, nikisikia.

"Kuna kingine?" nikamwuliza.

"Unataka kweli, au unataka niseme hakuna?"

"Nataka kweli."

Akakunja gazeti, akaliweka pembeni. "Kabati la jikoni. Rafu ya juu siifikii."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoitundika. Nafuu yangu ilikuwa watoto walipokua warefu."

Nilitoa penseli sikioni, nikachukua kipande cha boksi kilichobaki siku kile kiti kilipoletwa, nikaandika. Akasema kitanda kiko juu mno, anakipanda kwa kuruka. Akasema kitasa cha mlango wa choo kinamkwaruza kiwiko. Akatazama kucha zake. Kisha akaanza habari ya chumba kile cha nyuma, kwamba alikuwa anataka kiwe cha kushonea, na mimi nikakijaza mbao siku aliyokuwa zamu.

Hapo katikati umeme ukarudi. Friji likatetemeka jikoni, taa ya kiti ikawaka, na yule mwanamke wa ndani yake akamsalimu mke wangu kwa lugha yake ya heshima. Nikashusha penseli. Nilidhani zamu yangu imekwisha.

Mke wangu akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe, akakizima.

"Usiache kuandika," akasema. "Bado sijamaliza."