Kengele ya Gustave

Baruti ya kupasua mwamba wa barabara ya Muheto ililipuka kabla kapita, msimamizi wa vibarua, hajapiga filimbi ya kuwaonya, na tangu siku hiyo masikio ya Gustave, mmoja wa vibarua hao, hayakupata amani. Kichwani nyenje walimlilia usiku na mchana, na mlio wa kijiko tu kwenye sahani ulimchoma kama msumari. Mtu akisema naye, alijiziba masikio. Basi kijiji kizima kikaamua amekuwa kiziwi. Hata Athanasie, mke wake, alimwita kula kama anayeita mtu wa kilima cha pili.

"Miye siko kiziwi!" Gustave alifoka. "Ninasikia kupita nyinyi wote!"

Nani alimsikiliza? Padiri akamhurumia, akampa kazi ya kupiga kengele ya misioni, maana kiziwi hasumbuliwi na kengele. Huruma gani hiyo!

Jumapili kengele haikulia. Padiri alimkuta Gustave chini ya kengele, ameshika ulimi wake wa chuma aliokwisha kuung'oa.

"Gustave!" akampigia kelele sikioni. "Mbona kengele hailii?"

Gustave alikunja uso kwa maumivu.

"Inalia, Padiri. Inalia tangu siku ya baruti. Nyinyi njo muko viziwi."