Nyaya Mbili na Jembe Moja

Mume wangu Hezron alikuwa mtu wa kwanza pale Ihanda kumiliki pikipiki, na kwa miaka miwili hakuna aliyepewa nafasi ya kulisahau jambo hilo. Aliinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao, pamoja na kitabu chake cha maelezo kilichoandikwa Kiingereza. Hezron alikuwa karani wa ghala la kahawa. Kiingereza chake kilitosha kusoma namba zilizopigwa kwenye magunia, na namba, kama mjuavyo, ni zilezile kwa kila mtu.

Mwaka huo, wa hamsini na sita, mwezi wa saba, nilikuwa nimejifungua binti yetu wa pili, na mama yangu, Ikupa, alikuwa amekuja kunihudumia. Mama alilala jikoni, akala jikoni, na Hezron akipita uani, mama aligeukia ukuta na kujifunika kanga usoni. Ndivyo ilivyo katika ukoo wetu. Mama mkwe na mkwewe hawatazamani wala hawasemezani, mpaka siku mkwe atakapoleta jembe jipya mbele ya watu na kumfungua mama kinywa.

Jembe moja tu. Wenzake hulileta kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Hezron alikuwa na mwaka wa sita. Ukimkumbusha, alikujibu kwamba yeye ni Mkristo na mambo hayo ni ya gizani. Maneno mazuri sana. Ila mimi sijapata kumwona Mkristo aliyefaidi giza kama yeye, maana mama mkwe asiyesema hawezi kukuomba chumvi, wala hawezi kukuuliza kwa nini paa la nyumba ya mwanawe linavuja wakati pikipiki imejengewa banda la bati.

Jumamosi alasiri alifika Barnaba kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye kope. Huyu ni mtoto wa mama mkubwa Ruti, dada yake mama, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Alisema mama yake hali chakula tena, na hana siku nyingi. Anamtaka mdogo wake aje, kwa sababu kuna neno anataka kumwachia yeye peke yake, na hataki kulipitishia kwa mtu mwingine. Mama aliweka chini kikapu alichokuwa anasuka. Wazazi wao walikufa mama akiwa bado anabebwa, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Ruti.

Mama akafunga kitita chake palepale. Lori la chumvi lilikuwa likipita Ihanda kila alfajiri kuelekea Tunduma, naye alikusudia kulidandia. Hapo ndipo mume wangu, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumnunulia mama hata kiberiti, aliposhikwa na huruma. Alinituma nimwambie mama kwamba mkwe wa Hezron hawezi kukaa juu ya magunia kama mbuzi wa mnadani. Yeye mwenyewe angempeleka kwa pikipiki. Ilikuwa ikikatakata kidogo kwa sababu panya wa ghalani walikuwa wameguguna nyaya, lakini plagi mpya na nyaya mpya alikuwa nazo ndani. Angezifunga asubuhi, kazi ya nusu saa, na saa nne mama angekuwa ameshika mkono wa dada yake.

Mama alinong'ona akiniuliza atakaaje nyuma ya mkwewe bila kumgusa. Nikamwambia tutaweka ungo katikati. Hapo akasema Ruti atacheka sana akiwaona. Barnaba akarudi kwao usiku uleule na habari kwamba waisikilizie pikipiki.

Alfajiri lori la chumvi lilipita. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kitita kichwani, akalitazama mpaka taa zake zikapotea kwenye kona. Kisha akaketi, akachukua kikapu chake na kuendelea kusuka.

Hezron alitandika gunia uani, akaweka spana juu yake, akafungua kile kitabu na kukiegemeza kwenye tangi la mafuta. Alikuwa amevaa shati jeupe. Sijui ni nani aliyemwambia kwamba fundi huvaa shati jeupe, lakini ilikuwa Jumapili na watu wangepita kwenda kanisani, na hakuna faida ya kuwa fundi kama hakuna anayekuona.

Nisimwonee, plagi alizifunga vizuri. Pikipiki ile ilikuwa na silinda mbili, kwa hiyo plagi mbili. Alifuta vumbi kwanza, akazifungua za zamani, nyeusi kama kitako cha chungu, akaiacha nafasi ya cheche kwenye zile mpya kwa kuipima na nyembe zilizobanwa pamoja, kama alivyomwona mzungu akifanya. Akazikaza kwa mkono, kisha kwa spana. Laiti angeishia hapo, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Zikabaki nyaya. Nyuma ya silinda kulikuwa na mashine ndogo nyeusi inayozaa moto wa cheche, na kutoka kwake nyaya mbili zilikwenda kwenye plagi, kila mmoja na yake. Lakini hazikwenda moja kwa moja. Zilipishana. Wa kulia ulikwenda kushoto, wa kushoto ukaja kulia. Hezron alizing'oa zote mbili kwa mpigo na kuzitupa kwenye maganda ya kahawa. Kisha akafunga zile mpya, wa kulia kulia, wa kushoto kushoto, zimenyooka kama nywele zilizochanwa. Akarudi nyuma hatua mbili kuutazama unadhifu wake.

Mama alikuwa pale mlangoni, uso kaugeuza pembeni kama heshima inavyotaka. Lakini msusi, hata akikaa upande, jicho lake hufuata kamba. Alikuwa ameona.

Hezron alipiga kiki. Pikipiki ikakohoa. Akapiga tena, ikatoa mlio mmoja wa nyuma na kamoshi, na kuku wote wa jirani wakahamia kwenye mibuni. Baada ya kiki ya ishirini shati jeupe lilikuwa limegandamana na mgongo, na watu wa kanisani walikuwa wameanza kupunguza mwendo. Rubeni, jirani yetu, alisimama kabisa na kumuuliza kama anahitaji msaada wa maombi.

Mama akaniita kwa kidole. Alinieleza kwamba nyaya zilikuwa zimepishana, wa kulia ulikwenda kushoto, nimwambie mume wangu azirudishe zilivyokuwa. Nikaenda, nikamwambia. Hezron hakuinua hata kichwa. Alisema nimwambie mama yangu kwamba vikapu husukwa kule na pikipiki hutengenezwa huku. Nikarudi kwa mama nikamwambia mkwe wake anashukuru na atalifikiria. Miaka sita ya kupeleka maneno kati ya watu wawili ilikuwa imenifanya mjumbe mzuri sana, yaani mwongo.

Saa nne ikaja, ile aliyoahidi, ikapita. Hezron sasa alikuwa ameamua kwamba kosa ni la petroli. Akaimwaga, akaichuja kwa kitambaa, akairudisha. Kisha kosa likawa la bomba la kupitishia petroli, akalifungua na kulipuliza mpaka mashavu yakamvimba. Mama alinituma tena, na safari hii sikupamba neno. Nilimwambia azipishanishe tu, ni kazi ya kufumba na kufumbua, ikikataa atarudisha. Akanishikia kile kitabu mbele ya uso na kunionyesha picha. Alisema hapa pameandikwa wazi, ila mimi siwezi kusoma Kiingereza. Nikamjibu kwamba basi tuko wawili.

Akarudi kwenye bomba lake. Sikio la kufa halisikii dawa, na hilo la mume wangu lilikuwa limeshaanza kunuka.

Watu walitoka kanisani, wakapita tena, wakakuta kiki inapigwa. Jua lilikuwa utosini. Mama hakuwa anasuka tena. Kikapu kilikuwa miguuni pake, na mikono imelala mapajani. Nilimwogopa. Sikuwahi kumwona mama akilia, na hata siku ile hakulia. Alisimama, akaishusha kanga kutoka kichwani, akaifunga kiunoni, akavuka uwanja moja kwa moja. Alisimama mbele ya Hezron na kumtazama machoni.

"Mkwe," alisema, "dada yangu ananingoja. Pishanisha nyaya."

Spana ilimdondoka Hezron. Alitafuta pa kuuficha uso wake, na kwa kuwa uani hapakuwa na ukuta upande ule, akaugeuzia kwenye mibuni. Watu barabarani walisimama. Kwetu, mama mkwe akitangulia kusema kabla ya jembe, aibu humrudia yeye, na wanawake wenzake huweza kumcheka hadi uzeeni. Mama aliinunua aibu ile mchana kweupe, mbele ya washarika, kwa sababu mtu mwingine alishindwa kununua jembe.

Hezron aliinama akapishanisha nyaya. Mara mbili alishindwa kuvalisha kofia ya plagi. Akapiga kiki moja. Pikipiki ikaunguruma kama isiyowahi kuumwa hata siku moja.

Ilikuwa saa saba. Niliweka ungo kati ya mgongo wake na kifua cha mama, mama akaukumbatia, wakaondoka. Nilisimama na mtoto mkononi nikiusikiliza ule mlio ukienda.

Ya mbele niliyasikia kwa Barnaba, aliyeyasikia ya Tunduma kwa wasafiri wenyewe, na Barnaba si mtu wa kuongeza chumvi, hana hata akili hiyo. Walifika Tunduma salama, saa nane na nusu. Kutoka pale hadi kwa mama mkubwa Ruti ni mwendo mfupi, ukivuka mpaka tu umefika. Lakini Hezron alisimamisha pikipiki. Njia nzima alikuwa amebeba mgongoni, nje ya ungo, ile sauti ya mama mkwe wake, na sasa ghafla hakuweza kuingia kwa watu akiwa mkwe asiye na jembe. Miaka sita ilimtosha kusubiri, nusu saa zaidi ikamshinda.

Ilikuwa Jumapili na maduka yamefungwa. Akaenda kugonga mlango wa nyuma wa Mhindi mmoja. Mwenye duka alikuwa anakula, akamwambia angoje. Akangoja. Kisha akaletewa jembe moja, akaliona jepesi, akaomba lingine. Mama alikuwa amesimama barabarani na ungo wake. Hakujua mkwe amefuata nini, wala hakuuliza. Alikuwa ameshasema mara moja siku ile, na aliona inatosha.

Walipoingia uani kwa Ruti ilikuwa saa kumi. Ruti alikuwa amekufa saa tisa.

Barnaba alisema mama yake tangu saa nne alikuwa akiuliza kila mlio. Likipita gari, anauliza kama hiyo ndiyo pikipiki. Akisaga mtu mahindi jirani, anauliza. Mwishoni aliwaomba watoto watolewe nje ili asikie vizuri. Walimsihi amwachie Barnaba lile neno, akakataa, akasema Ikupa yuko njiani.

Mama aliambiwa akiwa bado ameushika ungo. Hakupiga yowe. Aliingia ndani, akakaa na dada yake kwa muda, akatoka.

Na Hezron, Mungu amsamehe, hakujua afanye nini na lile jembe. Watu wote walikuwa wanalitazama. Basi akafanya kile alichokuja nacho kichwani. Alipiga magoti mbele ya waombolezaji, akamtolea mama kwa mikono miwili, akasema yale maneno ambayo mkwe huyasema, kwamba ameleta jembe, mama yake afungue kinywa. Barnaba alisema hata wanawake waliokuwa wakilia waliinua vichwa kumtazama.

Mama alilipokea. Akapitisha kidole gumba kwenye makali yake mapya. Akamtazama mkwewe, na sasa alikuwa na haki yote ya kumtazama.

"Asante, mkwe," alisema, na kumrudishia. "Kachimbe."

Akachimba. Kwetu wakwe ndio huchimba kaburi, wakisaidiwa na vijana, lakini pale hakuna kijana aliyethubutu kumpokea jembe. Ardhi ya mwezi wa saba ni kavu, na mikono ya karani ni ya kushika kalamu. Alichimba peke yake mpaka jua likazama, na asubuhi akaendelea.

Alirudi Jumanne, bila mama, akisukuma pikipiki kutoka barabarani hadi uani ingawa petroli ilikuwamo. Shati jeupe lilikuwa limekuwa jekundu kwa udongo. Nilikuwa sijaonana na Barnaba bado, nilijua tu kwamba tumefiwa. Nilimuuliza kama ni kweli amepeleka jembe, kwa maana nilikuwa nimelisikia kwa wapita njia. Akasema ni kweli. Nikamuuliza mama amemwambia nini, baada ya miaka yote hiyo.

"Amesema asante," alinijibu. Kisha akaomba maji, na alipokunjua viganja ili nimmiminie, niliona vimechubuka hadi nyama, naye akavikunja haraka nisivione.