Mwanne Aliyewaosha Wenzake

Bibi yangu Mwanne alikufa Jumanne saa mbili asubuhi, na kijiji kizima hakikuwa na mwanamke wa kumwosha.

Waislamu hapa kwetu ni kaya ishirini na tatu, ng'ambo ya korongo ukitoka Mpwapwa. Kwa miaka arobaini na moja, mwanamke wetu akifa, aliyeitwa ni Bibi. Aliacha jembe shambani, akanawa, akaenda na ndoo yake. Hakuchukua malipo, hata kipande cha sabuni kilichobaki. Mimi alinilea tangu mama yangu alipofariki. Nilipokimbia shule darasa la tano alinichapa, kisha akauza mbuzi wake wawili nikajifunze ufundi wa mashine ya kusaga. Ndiyo inayonilisha mpaka leo.

Kufika saa nne ua ulikuwa umejaa. Akina mama wa kikundi walikuja na khanga za sare, kama watu waliokwenda kumpokea mgeni wa serikali. Mwenyekiti wao, Bi Waridi, akaanza kulia kwa sauti ya kupanga.

"Ametutoka mama wa kijiji! Nani atatusitiri sisi?"

"Leo msitirini yeye," nikamwambia. "Maji yako motoni."

Kilio kikakatika. "Baba Nasri, mimi nina presha."

Wa pili alikuwa na mgongo. Wa tatu alikuwa na mimba, ambayo mpaka jana yake hakuna aliyeisikia. Mwingine akasema akiona maiti hali chakula wiki nzima, na mwili wake ulionyesha hajaona maiti siku nyingi. Wanawake thelathini na sita, na sikuona hata mmoja ambaye Bibi hakumwoshea mama, dada au mkwe. Walikula pilau kwenye misiba ile wakimsifu, kisha kwenye mkeka walijisogeza asiwaguse.

Shehe Abdulrahim akafika. Nikamuuliza kama mimi mjukuu naweza kumwosha.

"Uani mna wanawake wote hawa, wewe mwanamume utaingiaje? Hakuna hata mmoja aliyejifunza?"

Mke wangu Naima akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Mimi nilitaka, Shehe. Bibi mwenyewe aliniomba mara tatu. Muulize mume wangu alisema nini."

Shehe akanigeukia, lakini Naima akajibu mwenyewe.

"Alisema mikono iliyoshika maiti haitamsongea ugali."

Ni kweli nilisema. Nilisema huku nikila ugali aliousonga Bibi.

"Basi sasa nakuruhusu," nikamwambia.

"Ruhusa haifundishi kazi, Baba Nasri. Nikamkosee mtu kama yule?"

Bi Waridi akacheka ndani ya khanga yake. Mwenye presha! Nilitaka kumtukana, lakini siku hiyo mimi na yeye tulikuwa kapu moja.

Tukapiga simu Mpwapwa, akapatikana mwoshaji. Lakini mchana mvua ilipiga milimani na korongo likajaa. Bodaboda aliyembeba alisubiri ng'ambo mpaka jioni, akageuza. Akina mama wakamaliza kula, wakakung'uta khanga zao, wakasema watarudi kesho. Mimi nikabaki nikifukiza ubani kwenye chumba kile, madirisha wazi, na joto la Februari.

Asubuhi maji yakapungua. Mwoshaji akavuka kwa miguu, viatu mkononi. Alipofika mlangoni akaniuliza, "Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Nikamtajia. Naima akaingia naye kumimina maji. Saa tano tukazika.

Bibi aliwaosha wanawake thelathini na tisa, na hakuna aliyelala ndani mpaka kesho yake. Yeye alikaa saa ishirini na saba. Ubani ulikwenda pakiti nne. Aliyemwosha hakuwahi kumwona akiwa hai.