Sikio la Opolot

Mimi sikusomea kuchora. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Malaba wanapenda kuniita "msanii" huku wakicheka, na kiongozi wao ni Mildred, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi nauza chai. Hoteli yangu ina meza nne, iko pale malori yanaposimama kungoja karatasi za kuvuka kwenda Uganda, na ukuta wake ni wa udongo kama ukuta wa mtu mwingine yeyote. Sisi wanawake wa Marachi husiriba nyumba kila Desemba. Tunachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, tunapaka mpaka ukuta unakuwa laini, halafu tunatia mapambo ya majivu na udongo mwekundu huku chini. Krismasi ya mwaka sabini na tano mkono wangu ulikataa kubaki chini. Ukapanda.

Nilianza na utingo mmoja aliyelala chini ya lori, miguu nje. Nikamchora Mildred na beseni lake. Nikachora mbuzi aliyepanda juu ya magunia ya kahawa na askari wa forodha aliyeshindwa kumshusha. Rangi zangu zilikuwa makaa, masizi ya sufuria, udongo mweupe wa mtoni na bluu ya kufulia nguo. Madereva nao waliniletea rangi ya lori iliyobaki kwenye makopo. Brashi ilikuwa kijiti nilichotafuna ncha. Watu wakaanza kuja kunywa chai ili wajitafute ukutani, na Desemba iliyofuata nikasiriba kuta za nje tu.

"Gaudencia! Hii si pua yangu," Mildred alipiga kelele siku ya kwanza. "Hii ni pua ya nguruwe!"

"Peleka kesi kwa aliyekuzaa," nikamwambia. "Mimi nimechora kile niliona."

Lakini ukweli ni kwamba sura zilikuwa zinanishinda. Mildred alijulikana kwa beseni, askari kwa kofia. Ukifuta beseni, pale palikuwa na mama yeyote tu. Jambo hilo liliniuma. Nilikuwa naweza kukaa nikimkodolea mteja macho mpaka chai inachemka na kumwagika, na bado nikishika kijiti, mtu anatoka kama kiazi.

Sura moja tu ndiyo iliyokubali. Ilikuwa ya Opolot.

Opolot alifika kwangu mwezi wa tatu, mwaka sabini na saba, akiwa amevaa shati la ofisini na hana viatu. Alikuwa mtu wa simu kule Tororo. Watu wa serikali yake walikuja na gari, wakamchukua mkubwa wake, kesho yake wakamchukua mwenzake wa meza ya pili, na hakuna aliyerudi. Meza ya tatu ilikuwa yake. Alivuka mto wa mpakani usiku huohuo. Sikumuuliza zaidi, nilimpa ndoo na vikombe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, na sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika katikati, mbwa alimuuma akiwa mtoto.

Asubuhi moja alisimama karibu na dirisha akipangusa kikombe, jua likapita kwenye lile sikio, likawa jekundu. Aki, nilisahau maandazi kwenye mafuta. Nilimchora bila kupumua. Uso kwa makaa na masizi, na sikio kwa rangi nyekundu ya lori. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikaona Opolot wawili, mmoja anapangusa kikombe na mwingine ananiangalia kutoka ukutani. Niliketi nikalia kwa furaha, mimi mtu mzima.

Yeye hakufurahi. "Mama, nitoe pale," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Kwani unajiona mzuri sana?"

"Mama, nakuomba. Wale watu wanavuka kuja huku. Wananunua sukari, wanakunywa chai. Mtu akiniona pale atajua niko hapa."

Alikuwa na haki, na mimi nilijua ana haki. Nikamwambia nitafuta Jumamosi. Jumamosi ikapita, nikasema nitafuta Jumamosi nyingine. Sikuwahi kupata kitu kizuri hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, na sikutaka kukiua.

Mwezi wa nane akaja mtu na viatu vya soli nene. Hapa Malaba viatu vile tulivijua, ni vya makachero wa serikali ya ng'ambo. Ni nani mwingine angevaa viatu vya dansi kwenye matope yetu? Opolot alikuwa nyuma jikoni. Alichungulia kwenye ufa, akajitupa nyuma ya rundo la kuni.

Yule mtu aliagiza chai, akaanza kutembeza macho ukutani huku anatabasamu. Alicheka alipofika kwa mbuzi. Alipofika karibu na dirisha hakucheka.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mteja tu, boss. Watu ni wengi. Mimi nachora ovyo ovyo."

"Hili sikio umelichora ovyo?"

Nikasema kijiti kiliteleza. Alikunywa chai yake pole pole mpaka mwisho, akaweka kikombe, akasema, "Kuna mwenzangu anamtafuta mtu mwenye sikio kama hili. Waliwahi kufanya kazi pamoja. Kesho nitamleta aone picha yako." Akalipa, akatoka, akivuta miguu kwenye matope.

Sikungoja. Nilichota udongo, nikachota mavi ya ng'ombe, nikachanganya kwa mikono. Nilianza na uso wa Opolot. Nilipaka macho yake, nilipaka mdomo, nilipaka lile sikio mara mbili. Halafu nikawaza, nikifuta mmoja, wataniuliza kwa nini huyu tu. Basi nikasiriba ukuta mzima. Mbuzi akaenda, askari akaenda, Mildred na beseni wakaenda. Nilikuwa nalia na kujitukana.

Na hapo ndipo nilipokosea tena. Kwetu nyumba haisiribwi mwezi wa nane. Ikisiribwa nje ya Desemba, kuna msiba, wageni wanakuja. Mildred alipita mlangoni, akaona ukuta umelowa na mimi nina machozi na matope mpaka kwenye viwiko. Beseni likaanguka, omena zikatapakaa.

"Uuuwi! Gaude! Nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema. Lakini nani angesikia? Mildred akipiga nduru, inasikika mpaka ng'ambo. Kabla sijanawa, wanawake walikuwa wameshafika, huyu na kuni, huyu na majani ya chai, wote wananiuliza nani, nani, nani. Nikaona kwamba nikisema hakuna aliyekufa, wataniuliza ni kitu gani nimeficha kwenye ule ukuta, na kesho yule mtu atayapata maneno yote kwa bei ya kikombe kimoja.

"Ni Opolot," nikasema. "Ameanguka mtoni. Maji yamemchukua."

Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na mto ulikuwa umejaa, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza maiti iko wapi. Waliangua kilio. Mildred aligaragara chini kwenye omena zake akisema kijana alikuwa na adabu, kijana alikuwa akimbebea beseni. Hakuwa anaigiza. Nami nililia kweli, kwa sababu Opolot alikuwa nyuma ya kuni, hatua chache tu kutoka hapo, anasikia watu wakimlilia.

Nilienda jikoni kuchemsha maji ya waombolezaji. Nikainama kama ninayechagua kuni.

"Mama," akaninong'oneza, "mama yangu atasikia hii."

"Nyamaza. Ukitaka akuone tena, nyamaza."

Alfajiri, dereva mmoja aliyeitwa Kizito, mtu wangu wa siku nyingi, alimlaza katikati ya magunia matupu akaondoka naye kwenda Nakuru. Opolot aliniahidi kwamba akipata pa kukaa atatuma neno kwa madereva. Mchana yule mtu wa viatu akaja na mwenzake. Walikuta wanawake wamejaa, ukuta mpya, Mildred amepoteza sauti. Mwenzake aliuliza aliyekufa ni nani, wakamwambia ni Opolot, yule wa sikio. Akavua kofia. Wakanywa chai yangu ya matanga, wakatoa pole, wakaenda zao.

Niliona nimeshinda. Nilijisifu hata, peke yangu.

Neno halikuja. Septemba, Oktoba, Novemba, nilimuuliza kila dereva. Kizito aliapa alimshusha Nakuru akiwa mzima, wakaagana kwa mkono, basi. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua.

Desemba akaja mama mmoja mzee, nguo zimelowa mpaka magotini. Alisimama mlangoni akaniuliza kama mimi ndiye mama wa chai anayechora. Jina lake Alupo. Sikuhitaji kuuliza zaidi, kwa sababu kidevu kilikuwa kilekile cha Opolot.

Nilifunga mlango, nikamwambia kila kitu. Kwamba ule msiba ulikuwa uongo, kwamba mwanawe yuko hai.

"Yuko wapi?"

"Sijui, mama."

"Amekuandikia?"

"Bado."

"Kuna mtu amemwona?"

Nikapangusa meza iliyokuwa safi tayari.

"Wale watu walikuja mpaka nyumbani," akasema. "Waliniambia hawamtafuti tena, amekufa maji, Malaba nzima ilimlilia. Tulizika mgomba mahali pake, maana mwili hatukuupata. Kufa kwake nimeambiwa na mji mzima. Kuwa hai naambiwa na wewe tu." Hakusema kwa ukali. Ningependa angenitukana. "Sina picha yake hata moja. Wanasema wewe ulimchora. Nionyeshe."

Nikamwonyesha ukuta. Tukaanza kuubandua, yeye kwa kucha, mimi kwa kijiko. Taratibu, taratibu kabisa. Lakini makaa na masizi yalikuwa yamenyonywa na ule udongo, kila kipande kilianguka na sehemu ya uso wake. Macho yalitoka unga. Mdomo ukatoka unga. Rangi ya lori ndiyo peke yake iliyogoma kutoka. Likabaki sikio, jekundu, limechanika katikati.

Alupo aliliwekea kiganja. "Hili ni lake," akasema.

Nilishika kaa nikajaribu kumrudishia uso. Nilijaribu, nikafuta, nikajaribu tena. Alitoka kijana yeyote. Alupo alitikisa kichwa. "Huyo simjui. Mtoe."

Nikafuta. Nilimwambia sijui nifanye nini, mama, nisamehe.

"Nichore mimi," akasema. "Hapo karibu na sikio. Akipita hapa, ajue nilikuja."

"Mama, wale watu bado wanakunywa chai hapa."

"Wameshaniambia mwanangu amekufa. Wataniambia nini kingine?"

Akaketi kwenye benchi na nguo zake zilizolowa, akainua kidevu. Nilimchora jioni nzima. Sura ilikubali. Nilimwekea mdomo wazi kidogo, karibu kabisa na lile sikio. Aliangalia, akasema ni sawa, akanywa chai, akarudi kwake kwa njia ya mtoni.

Krismasi hiyo kila nyumba hapa ilisiribwa isipokuwa yangu. Mildred ananiita mvivu. Wateja wanauliza huyu mama anamwita nani, nami nawajibu kwa sauti kubwa kwamba wangoje, mwenyewe atakuja kuitika. Halafu naingia jikoni, naosha vikombe mwenyewe.