Beth Wangui Wawili

Kagure alikataa kuketi. Muriithi, karani wa wadi hapa Othaya, alimsogezea kiti mara mbili, naye akakitazama tu.

"Mtoto wangu hayuko," alisema. "Fomu nilileta mwenyewe, ukapokea na mkono yako. Leo chuo cha uuguzi wananiambia hawamjui."

Muriithi akageuza kompyuta amwonyeshe. Fomu za kuomba nafasi vyuoni zilikuwa mia tatu, alieleza, na kuzijaza moja moja kwenye mtandao kungemaliza mwezi. Kwa hivyo aliandika programu: inasoma orodha, inafungua ukurasa, inajaza, inatuma. Na kwa kuwa wengine walileta fomu mara mbili, aliiagiza jina likijirudia iliruke.

"Na Beth Wangui iko, mama. Ilituma."

"Huyo ni wa Ngatia, shemeji yangu. Wangu pia ni Beth Wangui. Kwani wewe ulizaliwa wapi? Hujui tuliwaita wote jina ya mama mkwe, hadi ya ubatizo? Kwenu mko Muriithi wangapi?"

"Wanne," alisema, macho chini.

Hasira ikampanda Kagure hadi masikio yakawaka. Afadhali angekuwa mgeni, mgeni ungemsamehe. Huyu amekula kwenye nyumba hizi hizi, akahudhuria ubatizo wa watoto hawa hawa, halafu anaiachia mashine imfikirie. Miaka miwili Beth amechuma majani chai akingoja nafasi hii, na usajili ulifungwa Ijumaa. Uvivu mtupu, na ati ndio maendeleo.

Muriithi akainuka, akafunga mlango.

"Fomu mpya haziingii tena," alisema polepole. "Lakini zile ziliingia zinaweza kurekebishwa mpaka saa kumi na moja leo. Jina ni lile lile. Nikibadilisha namba ya kitambulisho na ya simu, huyo Beth anakuwa wako. Hakuna mtu atajua."

Tusidanganyane, Kagure alilipima wazo hilo kuliko ilivyofaa. Alimwona Beth wake ndani ya sare nyeupe. Kisha akamwona yule mwingine, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni mwezi mzima mamake alipolazwa hospitalini, na akajichukia kwa kuwa tayari alikuwa ameanza kuchagua.

"Iliruka wangapi?"

"Arobaini na moja."

"Nipe hiyo orodha."

Akaipokea, akaufungua mlango mwenyewe. Nje wazazi walijaa kwenye mabenchi, wakingoja kuchukua karatasi za usajili za watoto wao. Kagure akaanza kusoma kwa sauti. Joseph Gatimu. Mary Nyaguthii. Peter Mutahi. Kwa karibu kila jina walisimama wazazi wawili, pengine watatu, wakitazamana na kucheka, kila mmoja akidhani ni zamu yake.

Kagure akamgeukia karani.

"Haya, Muriithi. Toka uwaambie ni mtoto wa nani hakuzaliwa."