Kilio Kilikaa Mlango Gani

Jepchumba alibandika ramani ukutani, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Homa ya matumbo, Sydney, mwaka 1874. Vifo arobaini na kimoja, kila kifo kibandiko chekundu. Mwalimu wake wa chuo cha Campbelltown alikuwa ameshaikubali. Kilichobaki ni kuiwasilisha kesho asubuhi, na diploma ya uchoraji ramani iwe yake. Ikikataliwa, anarudia muhula.

Saa tisa alasiri Léocadie akarudi kutoka shifti ya kutunza wazee. Walipanga nyumba moja hapo Merrylands, yeye, Jepchumba na Divine bintiye. Kabla hajavua viatu aliikagua ramani kama anayechagua nyama buchani.

"Huu mulima mwekundu ni nini?"

"Hospitali, Mama Divine. Na hiki hapa ni Kichochoro cha Harkin. Wapagazi, wafua nguo, familia tatu chumba kimoja."

"Masikini wamejaa hivi, na hakuna mwenye alikufa? Walikuwa wanakunywa dawa gani? Mutupatie na sisi."

Jepchumba akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Kitabu cha vifo ndicho kinachosema hivyo. Walifia hospitali."

"Kwetu Bukavu mutu akifia hospitali, tunaendaka kulia hospitali?"

"Hapana."

"Sasa kilio ilikaa mlango gani? Weka alama pale, mudogo yangu."

Akaenda zake kuoga.

Jepchumba akabaki amesimama. Babu yake alikata roho Eldoret, katika wodi ya watu ishirini, lakini viti na sufuria za matanga vilipangwa uani kwake Kapsabet. Hakuna aliyewahi kwenda kuomboleza Eldoret.

Akafungua tena picha za kitabu hicho cha vifo. Ilikuwamo safu aliyoiruka kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita na wino: nyumba marehemu alikotoka. Akaisoma mstari kwa mstari. Harkin, namba nne. Namba nne tena. Namba sita, mtoto wa miezi saba. Kila aliposoma alibandua kibandiko kwa ukucha na kukihamisha. Hospitali ikapauka. Kichochoro kikawa chekundu, na wekundu ukakolea mwisho wake wa chini, palipokuwa na kisima kimoja cha watu wote, hatua chache kutoka vyooni. Kisima hicho alikichora mwenyewe wiki tatu zilizopita, asikione.

Léocadie alitoka na khanga kichwani. "Bado wangapi?"

"Wawili. Hawa kitabu hakijui walikotoka."

Akaviacha vibandiko vyao viwili pembeni mwa karatasi, nje ya mitaa yote.

"Na mwalimu? Si alishakubali ile ya kwanza?"

"Alishakubali."

"Akikataa hii?"

Jepchumba alikuwa akikunja ncha ya ramani taratibu, vibandiko visije vikabanduka.

"Nitamwambia aende akalie hospitali."