Barua ya Kaburi la Mama

Wapimaji wa barabara walipofika kwetu Kamuli, walipiga vigingi vyekundu katikati ya migomba yetu. Walisema mtaro wa kutoa maji ya barabara utapita hapo. Kigingi kimoja kilisimama karibu na mti wa mulamula tulioupanda kwenye kaburi la mama. Hatukuwahi kulijengea kwa saruji. Kwetu mulamula hupandwa pia mpakani mwa mashamba, kwa hiyo wapimaji waliona mpaka tu, wakaendelea na kazi.

Kwenye mkutano wa kijiji, mtendaji alisema mwenye pingamizi aandike barua, na ifike kabla ya mwezi kwisha kwenye anwani iliyo ndani ya mkataba. Mkataba wenyewe hakuna aliyeuona. Nilitaka kuuliza anwani ni ipi, lakini nilikaa nyuma na wanawake, na mbele za watu sauti yangu haitoki.

Niliishia darasa la tano, ila mwandiko wangu unasomeka. Niliandika kwamba mnapotaka kuchimba amelala mama yetu Anatolia, tunaomba mtaro usogezwe upande wa pili wa barabara. Baba, mzee Rwegoshora, akaweka dole gumba.

"Jambo zito halitumwi kwa sanduku la posta," alisema. "Linapelekwa kwa mtu unayemjua uso."

Mtu tuliyemjua uso alikuwa Clavery, fomani wa kambi ya ujenzi, kijana wa Muleba. Baba alimwalika nyumbani Jumapili baada ya ibada, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Nikaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Injinia."

"Mimi si injinia, mzee. Nasimamia vibarua tu."

"Mwenye kofia ya plastiki ni injinia," alisema shangazi Kokugonza. "Tafuna kahawa, mwanangu, usituone wabaya."

Clavery alicheka, akachukua punje mbili, akatafuna. Baba akampa barua kwa mikono miwili. Akaisoma yote, akasema, "Pole sana, mzee. Nimeipokea."

Kwa baba neno lilikwisha hapo. Mtu amekaa nyumbani kwako, ametafuna kahawa yako, amelipokea neno lako. Ningewezaje kumwambia baba kwamba huenda haitoshi? Hata mimi sikuwa na uhakika.

Mwezi ukaisha. Siku chache baadaye tukasikia mtambo wa kijiko unachimba kwenye shamba la jirani yetu Gaspari. Baba akanituma kambini. Clavery alinitoa pembeni.

"Dada, barua niliifikisha kwa wakubwa wangu. Jana ndipo wamenijibu. Sisi ni wajenzi tu, pingamizi haliletwi kwetu. Linaenda Bukoba kwa mhandisi msimamizi wa mradi. Ndiyo anwani ya mkataba."

"Na tuliyokupa wewe?"

"Kwao ni kama hamkuandika."

Alinirudishia barua. Nilipanda basi la Bukoba, nikafika ofisi yenye vigae. Mama wa mapokezi aliisoma, akagonga muhuri.

"Imepokelewa," alisema. "Lakini muda umepita, mdogo wangu. Michoro imeshasainiwa."

"Tuliitoa mapema. Tulimpa Clavery."

"Clavery ni nani?"

Nikamweleza kwa sauti ndogo, akaniomba nirudie. Aliposikia habari ya kahawa alitabasamu, si kwa kunicheka. Akasema kaburi ni suala jingine, liandikiwe halmashauri, na barua hiyo nayo huenda kwenye anwani nyingine.

Nilirudi nyumbani jioni. Shangazi aliposikia alisonya. "Kahawa yetu ameitafuna bure huyo."

"Usimtukane," baba alisema. "Mtu hakukosa adabu."

Kesho yake asubuhi kijiko kilikuwa kimefika kwenye mpaka wetu. Clavery alikuja kwa miguu, kofia mkononi.

"Mzee, nimemwambia dereva aanzie kule chini. Mpaka jioni hatafika hapa. Zaidi ya hapo sina uwezo."

"Nilikupa barua mkononi," baba alisema.

"Ulinipa, mzee."

"Ukasema umeipokea."

"Nilisema."

Baba akaingia ndani, akatoka na jembe. Yeye na Clavery walifukua kaburi pamoja, shangazi akishika shuka jeupe. Tulimwinua mama taratibu. Alikuwa mwepesi, shangazi akamkunja ndani ya shuka peke yake. Huko chini kijiko kilikuwa kinanguruma na migomba inaanguka.

Baba alijifuta uso, akatazama upande wa juu wa shamba. Nako kulikuwa na vigingi.

"Vile ni vya nini?" alimuuliza Clavery.

"Sijui, mzee. Hivyo si vyetu. Waulize Bukoba."

Baba akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa nimefika Bukoba.

"Mackrine, tumpeleke wapi?"

Shangazi alikuwa amesimama na shuka mikononi, wote wananisubiri.